Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha dawa za sonona

Ndugu zangu, mdogo wangu amebainika kuwa na sonona, na baada ya siku 10 tu za matibabu anataka kuacha dawa kwa sababu hajaona nafuu na jamaa wamemshawishi kwamba zitamfanya teja, ilhali daktari alimweleza kuwa kwa kawaida nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, kwamba hazileti uraibu kama wa dawa za kulevya, na kwamba hazifai kukatishwa ghafla bila kumwona. Wengine wanadai ni upungufu wa imani. Nakiri kwamba hata mimi niliwahi kulisema hilo. Je, mliowahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii mlizungumzaje naye bila kumlazimisha, na wazee wanaopinga matibabu mliwaelewesha vipi?