Wauza tabulecha za gitaa la vidole, mnatuuzia namba tupu!

Wakuu habari za usiku. Nina hasira, nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mwezi uliopita nimelipa elfu thelathini na nane kwa furushi la tabulecha (muziki ulioandikwa kwa namba zinazoonyesha pa kubonyeza kila uzi) za gitaa la Katanga kule Kongo, lile la mtindo wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Tovuti siitaji. Tangazo lilisema "imeandikwa noti kwa noti". Nimefungua faili: mistari sita, namba juu ya mistari, basi. Hakuna muda wa noti, hakuna alama ya kidole, hata kapo (kile kibano cha shingo ya gitaa) inakaa freti ya ngapi hawajaandika.

Nikajipa moyo. Wiki tatu nimekaa na "Masanga", ile ya Bosco ambayo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Namba zote nimezikariri. Nikipiga, noti ni zilezile, lakini wimbo haupo. Unachechemea.

Jirani yangu ni mzee wa Kigoma, ujanani alipiga gitaa kwenye bendi. Jioni moja akasimama mlangoni akasikiliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, vidole vitatu vya nini?" Nikamwonyesha karatasi. Akalichukua gitaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu vinavyofanya kazi: gumba na cha shahada. Gumba linashuka, shahada inapanda, kama mtu anayechuna mboga. Na gumba halikubaki kwenye nyuzi za besi kama nilivyodhani, lilikuwa linapanda mpaka uzi wa tatu, linagonga pale na kurudi. Ule uzito wa gumba kwenye uzi wa katikati ndio uliokuwa unakosekana kwangu wiki tatu nzima!

Hebu angalieni mfano huu, nimeutunga mwenyewe kwenye kodi (chord) ya C, g ni gumba na s ni shahada:

```
e|-------0---------|
B|---1-------1-----|
G|-----0---------0-|
D|---------2-------|
A|-3-----------3---|
E|-----------------|
   g s g s g s g s
```

Uzi wa G una sifuri mbili. Ya kwanza inapigwa na gumba, inaangukia kwenye pigo, nzito. Ya pili ni ya shahada, inaangukia katikati ya mapigo, nyepesi. Sasa futa ule mstari wa chini wenye g na s. Utajuaje? Huwezi kujua. Atakayesoma ataweka kidole chochote, na kwa muziki wa vidole viwili ukikosea kidole umekosea ridhimu yenyewe. Mstari mmoja wa herufi! Ungewagharimu nini?

Nimewaandikia. Jibu lao: "Sikiliza rekodi utaelewa." Kama ni kusikiliza rekodi na kubahatisha, nimewalipa ya nini?

Na msiniambie tabulecha haina uwezo huo. Mchapaji Petrucci alichapa vitabu vya tabulecha ya luti, ala ya nyuzi ya zamani, pale Venice mwaka 1507. Juu ya namba kuna alama za muda, na namba yenye nukta chini yake inapigwa kwa kupandisha, yaani kidole cha shahada. Isiyo na nukta inashushwa kwa gumba. Gumba na shahada, vilevile kama Likasi! Miaka zaidi ya 500 iliyopita nukta moja ilitosha, leo mtu ana kompyuta anashindwa.

Wale wanaojitahidi kuweka alama nao wanachanganya. Herufi p kwa wapigaji wa Kihispania ni pulgar, gumba. Kwenye tabulecha za mtandaoni p hiyohiyo ni kuchomoa kidole cha kushoto ili uzi ulie wenyewe. Nimekutana na ukurasa una p zote mbili kwenye kipande kimoja, bila maelezo. Alama ya x ndiyo balaa: mara uzi uliozibwa, mara kupiga kiganja kwenye nyuzi, mara kugonga ubao wa gitaa. Ni sauti tatu tofauti kabisa! Ndiyo maana mimi naandika g na s, hazigongani na kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wazee waliopiga staili hizi wanaondoka. Bosco alifariki 1990. George Mukabi wa omutibo, staili ya gitaa la vidole ya magharibi mwa Kenya, alifariki 1963. Karatasi ndiyo inabaki, na karatasi yenyewe ndiyo hii, inamfundisha kijana wa Mbeya au Kakamega kupiga muziki wa kwao kwa mkono usio wake.

Hela yangu naitaka, nimeshawaandikia mara ya pili. Na kwenu wadau: mwenye wimbo wowote wa Katanga au omutibo aliofundishwa na mzee kwa mkono, auweke hapa. Hata mistari minne inatosha. Kapo iandikwe, mapigo yahesabiwe, na chini ya kila namba iwepo g au s. Mimi naanza na "Masanga" Jumamosi, mzee wa Kigoma amekubali kunipigia polepole niandike.