Nakwenda mashindano ya skwashi Dar es Salaam nikiwa na pesa kidogo na maandalizi hafifu: naomba ushauri

Kijana wa Forest (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimejiandikisha kushiriki mashindano ya wazi ya skwashi (ule mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta nne) yatakayofanyika Dar es Salaam wiki tatu zijazo, na kwa kuwa ada nimekwisha kuilipa na hairudishwi, nimeamua kwenda. Tatizo langu ni kwamba hapa Mbeya tunatumia kiwanja kimoja cha zamani ambacho mbao za sakafu zimeinuka upande wa kushoto, na mwenzangu niliyekuwa nikicheza naye amehamishiwa Songea kikazi, hivyo tangu Pasaka napiga mpira peke yangu. Raketi ninayo moja tu, nyuzi zimelegea na mmoja umekatika. Nikitoa nauli ya basi ya kwenda na kurudi, nabakiwa na shilingi 180,000, ambazo lazima zitoshe chakula, malazi na dharura.

Naomba kuuliza: je, pesa hiyo niitumie kutafuta raketi nyingine, hata ya mtumba, au niibakize kwa ajili ya malazi? Pia, mtu asiye na mpinzani wa kufanya naye mazoezi anaweza kufanya nini cha maana katika wiki tatu? Mpira wangu ni ule wa nukta mbili za njano, yaani ule unaodunda kidogo kuliko yote, na kwa baridi hii ya asubuhi haudundi kabisa.

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Kamwene, kijana wangu. Raketi nyingine usinunue. Fremu yako kama haijapasuka, iwekee nyuzi mpya, na fundi anayefunga nyuzi za raketi za badmintoni anaweza kukufungia ilimradi umpelekee nyuzi za skwashi, kwa maana zile za badmintoni ni nyembamba mno na hazitamaliza mechi moja. Mwambie asizikaze kupita kiasi, kwa sababu nyuzi zilizokazwa sana zinadai mkono wenye nguvu, na wewe utakuwa umechoka kufikia seti ya tatu. Ifungwe mapema, uizoee kabla ya safari.

Kuhusu mpira, hilo ndilo jambo ambalo sisi wa nyanda za juu huwa hatulifikirii mpaka tumeingia uwanjani. Mpira wa skwashi una hewa ndani, na ukipata joto hewa hiyo hutanuka na mpira hudunda kwa nguvu zaidi; mpira uliofikia nyuzi joto 45 huweza kudunda zaidi ya mara mbili ya ule ulio katika nyuzi 23. Katika kiwanja cha baridi umezoea kupiga juu ukutani ili mpira ufike nyuma, na mipira yako ya kudondosha mbele, ile unayoigusa kwa upole, inakufia pale pale chini ya bati (ule utepe wa chini wa ukuta wa mbele), ukajiona fundi. Dar es Salaam mambo yatageuka: ukipiga juu vile vile, mpira utagonga ukuta wa nyuma na kumrudia mpinzani katikati ya uwanja akiwa ametulia, na ule wa kudondosha utainuka kumsubiri. Kwa hiyo anza sasa kujizoeza kupiga chini kidogo, usiache mpira ukae mbali na ukuta wa pembeni, na uache kutegemea mipira ya kudondosha kama silaha yako kuu.

Mtu atakuambia kwamba Mbeya iko juu, karibu mita 1,700, na kwamba hewa nyepesi huufanya mpira uende kasi. Ni kweli, na ndiyo maana ipo mipira yenye nukta ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa ajili ya miji ya milimani. Lakini katika kiwanja kisicho na joto, baridi huimeza faida hiyo yote.

Msemakweli wa Soweto (Mbeya)

Mimi nitasema tofauti, na naomba nisieleweke vibaya. Ada imekwenda, sawa, lakini hiyo si sababu ya kuifuatishia nauli na malazi. Huna mpinzani, huna kiwanja cha kueleweka, na utakutana na watu wanaocheza mara nne kwa wiki wakiwa na kocha. Mechi yako itaisha ndani ya dakika 20. Tumia hiyo pesa kwenda Iringa mwisho wa wiki kila unapoweza, ucheze na watu wa kiwango chako, halafu mwakani uende ukiwa kamili.

Mwalimu wa Mafinga

Ndugu Msemakweli, hoja yako ina uzito, ila unachanganya mambo mawili. Kukosa pesa ni jambo moja, kukosa maandalizi ni jingine, na watu wengi huyaweka katika kapu moja. Hashim Khan wa Pakistani mara nyingi hutajwa kama mfano wa maskini aliyeshinda: alianza kama mtoto wa kuokota mipira katika klabu ya maofisa wa Kiingereza Peshawar, akajifunza peku katika viwanja visivyo na paa, na mwaka 1951, akiwa na umri unaokaribia miaka 40, akaenda Uingereza akamshinda Mmisri Mahmoud Karim katika fainali ya British Open, mashindano makubwa ya skwashi ya huko. Wanaosimulia huishia hapo. Hawasemi kwamba wakati huo alikuwa amekwisha kucheza na kufundisha kwa miaka mingi, na kwamba alikuwa bingwa wa India yote kabla nchi hiyo haijagawanyika. Pesa hakuwa nazo. Maandalizi alikuwa nayo tele.

Sasa, Kijana wa Forest, maandalizi ya wiki tatu yasiyohitaji pesa yapo. Tafuta bwalo la shule au ukumbi wa kanisa wenye sakafu isiyoteleza, uchore kwa chaki uwanja wenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.40, kisha uweke mstari wa kukata katikati kwa upana, mita 4.26 kutoka ukuta wa nyuma. Simama katikati ya mstari huo, pale wachezaji wanapopaita T. Ukiwa na raketi mkononi lakini bila mpira, kimbilia kona moja, piga pigo la hewani kwa umbo kamili, urudi T, halafu kona nyingine: mbili za mbele, mbili za pembeni, mbili za nyuma, bila mpangilio. Fanya kwa sekunde 45, pumzika sekunde 45, urudie. Mpe mdogo wako kazi ya kukunyooshea kidole kona ya kwenda, ili usiwe unajichagulia ile unayoipenda. Kila mtu ana kona anayoikwepa, na kwa wengi ni ile ya nyuma upande wa kushoto. Ukirudi kwenye kiwanja chako chenye mbao zilizoinuka, acha kabisa kukimbia upande ule. Kifundo cha mguu kikiteguka sasa, mjadala wote huu hauna maana.

Dada wa Upanga (Dar es Salaam)

Karibu sana, kaka. Kabla ya yote, waulize waandaaji kama kuna kombe la wanaotolewa raundi ya kwanza. Mashindano mengi ya wazi huwa nalo, na likiwapo una uhakika wa mechi mbili hata ukipoteza ya kwanza, jambo ambalo linajibu kwa sehemu hoja ya Msemakweli. Waulize pia kama wapo wanachama wanaokaribisha wachezaji wa mikoani majumbani mwao. Katika mchezo huu ni kawaida, wala hakuna aibu kuomba.

Viatu viwe na soli isiyoacha alama sakafuni. Soli nyeusi ya kuchafua watakuzuia mlangoni. Chukua fulana nyingi na taulo dogo, kwa sababu kwa unyevu wa huku mpini wa raketi utateleza mkononi, na mapumziko kati ya seti ni mafupi.

Jambo linalowagharimu wageni kuliko yote ni leti, yaani pointi kurudiwa kwa sababu mchezaji amezuiwa. Nyumbani mkigongana mnacheka na kurudia pointi. Huku kuna mwamuzi, na kama umesimama mahali ambapo mpinzani angekupiga na mpira uliokuwa ukienda moja kwa moja kwenye ukuta wa mbele, hatarudia pointi, atampa mwenzako. Kwa hiyo ukishapiga, ondoka njiani, hata kama umechoka. Na wewe ukizuiwa, omba leti papo hapo kwa sauti. Ukiupiga mpira kwanza halafu ndipo ulalamike, umekubali kucheza. Seti inaishia pointi 11 na lazima uongoze kwa mbili, hivyo pointi tatu za namna hiyo ni robo ya seti umegawa bure. Ukimaliza mechi yako huenda ukaombwa kuamua inayofuata, basi soma kanuni ukiwa njiani.

Kijana wa Forest (Mbeya)

Ndaga fijo, wazee wangu, dada na mwalimu. Nyuzi nitazipeleka kwa fundi kesho, na bwalo la shule nimekwisha kuliombea ruhusa kwa jioni. Nimewaandikia waandaaji, wamenijibu kwamba kombe la watakaotolewa lipo. Suala la kukaribishwa bado wanaulizia. Swali moja limebaki: mechi yangu ni Ijumaa saa kumi jioni. Nikifika Ijumaa hiyo hiyo asubuhi kwa basi la usiku, nitaokoa malazi ya siku moja. Inafaa?

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Haifai hata kidogo. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na miguu iliyokaa usiku mzima kwenye kiti haikimbilii kona. Ondoka Jumatano alfajiri, Alhamisi uombe nusu saa ya kiwanja na mpira wenye nukta mbili za njano, uone unavyodunda kule. Malazi ya hizo siku ndiyo matumizi ya kwanza ya shilingi 180,000 zako. Chakula ubebe cha kutoka nyumbani kadiri utakavyoweza.

Dada wa Upanga (Dar es Salaam)

Naungana na mzee. Alhamisi jioni nitakuwa kiwanjani, nitumie ujumbe wa ndani hapa jukwaani tupange saa, nitacheza nawe seti mbili.