Dola 3 za mayunite ya simu zimeliwa na muziki wa benki, nifanye nini?

MamaVitenge, Lubumbashi, Kongo (komini ya Kenya)
Jambo yenu. Naomba ushauri, ila msinicheke. Ijumaa jioni nilienda kwenye mashini ya benki pale mjini kutoa dola 200 za kuchukulia mzigo mpakani Kasumbalesa. Mashini ikahesabu, nikasikia noti zinasuguana ndani, halafu kimya. Pesa haikutoka, karti haikutoka. Papo hapo ujumbe ukaingia kwenye simu: umetoa dola 200.

Ajansi ya benki ilikuwa imefungwa. Namba ya huduma imeandikwa nyuma ya karti, na karti iko tumboni mwa mashini! Mlinzi ndiye alinisaidia, anayo kichwani. Nikapiga. Sauti ya Kifaransa: bonyeza 1, bonyeza 2, kisha muziki. Nikausikiliza mpaka simu ikakatika, mayunite kwisha. Nikanunua mengine kwa kijana wa mwavuli. Safari hii mtu akapokea, akaniuliza jina, namba ya konti, tarehe ya kuzaliwa, akasema "mama, subirini kidogo". Muziki tena. Ikakatika. Dola 3 zimekwenda na shida yangu sijaitamka. Kwangu hizo ni bukari na mboga yake.

Kuna njia ya kusema na benki bila kuliwa hivi? Na ni haki kweli nilipe ili nidai pesa yangu mwenyewe?

Kijana_Katuba
Mama, ungebipu tu. Mimi nilibipu benki mara tatu mwaka jana, ningali nangojea wanirudishie.

FundiSimu
Acha mzaha, huyu mama amepoteza pesa.

Mama, pole. Mtandao hauhesabu tangu mtu apokee, unahesabu tangu mashini ipokee. Ile "bonyeza 1" tayari ni simu iliyopokelewa, na muziki nao unalipiwa sawasawa na maneno. Kwa hiyo uliza kama benki yako ina namba kwenye mtandao unaotumia wewe, maana kupiga mtandao mwingine mara nyingi ndiko kunakomeza mayunite. Ukipata mtu, neno la kwanza lisiwe shida yako. Liwe: "Andika namba yangu, simu ikikatika unipigie." Wengine wanakubali.

Tena angalia saa. Kama wanaopokea wako Kinshasa, wao wako nyuma yetu saa moja. Wakifungua saa mbili asubuhi yao, hapa ni saa tatu. Nimeona watu wanapiga saa mbili ya Lubumbashi, wanalipia mashini inayowaambia ofisi imefungwa.

Yaya_Kampemba
Nilikaa gishe ya benki miaka kadhaa, niseme ukweli: kwa shida ya dola 200, simu ni ya kuzuia karti tu. Pesa yenyewe hairudi kwa simu. Andika barua, nakala mbili. Taja mashini ipo wapi, saa, kiasi, na unakili ule ujumbe ulioingia kwenye simu, usiufute! Peleka ajansi, nakala moja ipigwe mhuri na tarehe ya kupokelewa, hiyo ubaki nayo. Mashini inapohesabiwa, noti zisizotoka zinaonekana zimezidi. Wakiwa na saa uliyoandika, wanakupata upesi.

Kijana_Katuba
Lakini kwenda mjini na kurudi si nauli pia?

Yaya_Kampemba
Ni nauli, ndiyo. Ila basi halikatiki ukiwa njiani kwa sababu ya muziki.

MtotoWaKatanga_Leicester
Huku Uingereza nako tulikuwa tunaliwa, namba za benki zilikuwa za bei ya ajabu. Tangu Julai 2015 namba za 0800 ni bure hata ukitumia simu ya mkononi, na tangu tarehe 26 Oktoba 2015 msimamizi wao, FCA, alikataza mabenki kumtoza mteja wao zaidi ya bei ya simu ya kawaida. Ndiyo maana namba nyingi huku zinaanza na 03. Angalia lakini: si bure. Ukingoja dakika 40 unalipa dakika 40, labda uwe na forfe, kifurushi cha dakika.

FundiSimu
Na hapa kwetu ni milango miwili. Bei ya dakika ni mambo ya kampuni za simu, na ARPTC ndiyo inazisimamia. Benki inasimamiwa na Banki Kuu. Ukitaka kulalamika, jua kwanza unalalamikia nini.

Shangazi_Ruashi
MamaVitenge, jambo moja tu: usitafute namba ya benki kwenye Facebook. Kuna matapeli wanaoweka zao. Hao wanapokea haraka, hawana muziki, na wanauliza namba ya siri ya karti.

MamaVitenge
Asanteni sana. Jumatatu nilipeleka barua, mhuri ninao. Yule kijana wa gishe alisema mashini ilihesabiwa, dola 200 zimezidi, watanipigia konti ikisharekebishwa.

Yaya_Kampemba
Vizuri. Wakipiga utupashe.

MamaVitenge
Walipiga jana saa nne. Nilikuwa sokoni napima kitenge cha mtu, sikusikia simu. Nikarudisha.

Muziki.