Naomba ushauri: mgonjwa wa saratani ya damu nikimpa rufaa, nani atampokea huko aendako?

Tabibu wa Mpakani ameandika:

Wakuu, habarini za majukumu. Mimi ni afisa tabibu katika hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Nina jambo linaninyima usingizi na chuoni hatukufundishwa.

Mwaka jana mwanzoni alikuja kijana wa miaka 23, fizi zinatoka damu, homa haiishi, ameshameza dawa za malaria mara tatu. Tukapima damu: chembe nyeupe zimejaa kupita kiasi, zile za kugandisha damu zimekwisha kabisa. Nikaandika rufaa, mkoa nao ukaandika, akafika Dar es Salaam. Siku ya kumi na moja nikakutana na mama yake sokoni, wamesharudi. Hakuna aliyewafukuza. Ndugu waliyemtegemea hakupokea simu, walilala barazani, hela ya chakula ikaisha, wakaona heri warudi kwao. Tulimzika mwezi wa tatu.

Sasa nina wawili. Mtoto wa kike wa miaka 6, amepauka, ana madoadoa ya damu miguuni na analia mifupa usiku. Na baba wa miaka 41, mkulima, wengu umeshuka hadi kitovuni, chembe nyeupe zimepita laki mbili. Kwa ninavyoona, mtoto ana lukemia (saratani ya damu) kali na baba ana ile sugu.

Najua yapo mashirika ya hisani yanayosaidia dawa, malazi na ushauri nasaha. Nisichojua ni njia ya kumkabidhi mgonjwa kwao. Naandika barua? Kwa nani? Au namwambia aende akawatafute mwenyewe? Natanguliza shukrani.

Mama wa Watatu amejibu:

Pole sana daktari, na pole kwa huyo mama. Mwanangu wa pili aliugua lukemia akiwa na miaka 5, tulitibiwa Muhimbili. Shirika linaloitwa Tumaini la Maisha ndilo lililotubeba, kwa watoto matibabu ni bure. Sikulijua kabla. Nilifika na kanga mbili na elfu thelathini, nikijua tutakaa wiki.

Mtu wa kwanza kuniuliza nalala wapi alikuwa afisa ustawi wa jamii. Wodini walishaniuliza kila kitu kuhusu mtoto, yeye akaniuliza kuhusu mimi. Ndipo tukapelekwa Ujasiri House, nyumba ya watoto wenye saratani na walezi wao. Kuna jiko, kuna wenzio, unamwona mtoto aliyekutangulia miezi sita anakimbia, moyo unatulia.

Naomba umwambie huyo mama ukweli kabla hajapanda gari: matibabu ya lukemia ya mtoto huchukua kama miaka miwili hadi mitatu. Hakai hospitali muda wote, ila mwanzoni ni miezi. Nani atabaki na watoto wengine? Shamba? Baba amekubali? Kwetu, homa ilipokata na mtoto akaanza kula, mume wangu alisema amepona, turudi. Karibu nirudi kweli. Wengi hupotelea hapo, mtoto anaonekana mzima kumbe ugonjwa umejificha kwenye uboho.

Halafu, kutoka Kigoma, Mwanza ni karibu kuliko Dar es Salaam. Waulize hospitali ya Bugando kwanza, watoto wanatibiwa pale pia.

Sista Upanga amejibu:

Mkuu, nimefanya kazi wodi ya saratani miaka tisa. Jibu fupi: usimtume mgonjwa akatafute shirika. Karibu yote humpokea mgonjwa kupitia hospitali, akiwa ameandikishwa na ugonjwa umethibitishwa. Mlango wako wewe ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali anakokwenda. Anza na afisa ustawi wa hapo kwako ampigie mwenzake wa huko, *kabla* mgonjwa hajaondoka. Simu ya dakika tano ingeweza kubadilisha mambo ya kijana yule. Sisemi hivyo kukulaumu, hata sisi hatukuwa tukiwaambia watu wa wilayani.

Rufaa ya matibabu unaijua. Ambatanisha ukurasa wa pili wa hali ya maisha: anatoka kijiji gani, nani anamsindikiza, ana bima au hana, ana pa kufikia au hana, anazungumza Kiswahili au Kiha peke yake, simu ipi inapatikana. Kama hana uwezo, barua ya mtendaji wa kijiji iende naye, maana msamaha wa gharama unaanzia kwenye karatasi hiyo na bila hiyo anaweza kuzungushwa siku nyingi. Nakala moja abaki nayo mgonjwa mwenyewe. Mafaili hupotea.

Na tafadhali, mtoto mwenye madoadoa ya damu asisafirishwe hivyo hivyo. Mwongezeeni damu kwanza, na kama kwenu hakuna chembe za kugandisha, mkoani waulizwe. Asipewe aspirini wala diklofenaki, asichomwe sindano ya msuli. Homa ikipanda njiani ni dharura, aingizwe hospitali yoyote iliyo karibu.

Kidonge cha Asubuhi amejibu:

Naongea kuhusu huyo baba, maana mimi ndiye yeye. Niligundulika 2011, wengu ulikuwa umejaa tumbo, watu mtaani wakasema nimerogwa. Leo nalima, nina mjukuu.

Dawa inaitwa imatinib, wazee wa kliniki tunaijua kwa jina la Glivec. Mpango wa kuitoa bure kwa wasio na uwezo ulianza 2002, kampuni ya Novartis pamoja na shirika la The Max Foundation la Marekani. Mimi niliipatia Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Sikiliza hapa mkuu: shirika hilo halimwandikishi mtu aliyejipeleka. Daktari wa kituo wanachoshirikiana nacho ndiye anayemwombea, na lazima kuwe na kipimo cha jeni kinachothibitisha ni lukemia ya aina hiyo. Kipimo chenyewe kinaweza kufanyika kwa GeneXpert, mashine ile ile ya kifua kikuu, ila kwa katriji (kikasha cha kipimo) yake. Kwa hiyo barua yako isiishie kwenye "saratani ya damu". Andika wazi kwamba unashuku lukemia sugu ya aina ya mieloidi (CML), ili asizungushwe idara tatu.

Mwambie pia kidonge ni cha kila siku. Mwaka 2014 nilijiona mzima nikaacha miezi miwili, na chembe zikapanda tena. Namshukuru Mungu dawa ilikubali niliporudi.

Mwana wa Mwandiga amejibu:

Kwa nini usiweke picha ya mtoto kwenye magrupu ya WhatsApp? Watanzania wana huruma, nauli itapatikana leo leo.

Sista Upanga amejibu:

Ndugu yangu, nia yako ni njema, lakini nimeona picha ya mtoto aliyekwisha kufariki ikiendelea kuchangisha hela kwa namba ya mtu asiyejulikana. Picha ikitoka hairudi. Kama ni kuchanga, wachange kanisani, msikitini au kijijini wanapomfahamu. Na deni la hospitali lilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na hospitali, hela isipite mkononi mwa mtu.

Mkaazi wa Rongai amejibu:

Salamu kutoka Kenya. Hapa Nairobi tuna Faraja Cancer Support Trust, walianza 2010. Dadangu alipougua limfoma (saratani ya tezi za limfu) walimpa mshauri wa kuongea naye bure, na sisi jamaa zake pia. Usisahau hilo, daktari. Sisi tulihangaikia pesa tu, kumbe dadangu alikuwa hajalala wiki tatu kwa hofu na hakuna aliyemuuliza.

Tabibu wa Mpakani ameandika:

Nimesoma yote, nimeyasoma mara mbili. Asanteni sana. Sista, sijaona kama umenilaumu.

Afisa ustawi wetu amepiga simu jana mchana. Mwanza wamekubali kumpokea mtoto na wamechukua jina la mama. Ameongezewa chupa mbili za damu, madoadoa hayajaongezeka. Baba yake mtoto alikuwa akikataa hadi nilipomsomea maneno ya Mama wa Watatu. Akanyamaza, kisha akauliza kama ni kweli kuna watoto waliomaliza. Bibi ndiye atabaki na wadogo.

Yule mkulima barua yake nimeiandika upya, na aina ya ugonjwa ninaoushuku nimeipigia mstari. Mtendaji wa kijiji chake amesafiri hadi Jumatatu, kwa hiyo tunamsubiri. Nimempigia daktari wa kanda kuuliza kama aanzishiwe dawa ya kushusha chembe wakati tunasubiri, nangoja jibu leo jioni.

Kidonge cha Asubuhi, ameomba nikuulize kama unaweza kuzungumza naye kwa simu. Anasema mimi ananiamini, ila anataka kumsikia aliyemeza dawa hiyo.