Mjadala: Ni kweli Mjerumani ni mkavu wa hisia kuliko Muuzbeki?

Mleta mada
Wakuu, kuna kauli naikuta sana kwa wanaojifunza lugha: eti Kiuzbeki ni lugha ya moyo, Kijerumani ni lugha ya mashine. Naipinga kabisa, karibuni tubishane.

Sikatai kwamba Muuzbeki humwaga mapenzi. Mtoto huitwa "jonim", roho yangu. Ndugu au rafiki wa damu huitwa "jigarim", ini langu (kwetu maini hukatwa kwa uchungu, kwao huitwa kwa mahaba). Bibi akimpokea mjukuu humwambia "aylanay", yaani nikuzunguke. Neno hilo huhusishwa na desturi ya kale ya kumzunguka mgonjwa ili maradhi yake yamhamie anayezunguka. Uzito wote huo, na bibi analisema huku anamvua mtoto viatu!

Lakini Mjerumani naye anajua kupenda. "Ich liebe dich", nakupenda ya mahaba, humwekea zaidi mpenzi wake. Mtoto, mama au rafiki huambiwa "ich hab dich lieb", nakupenda iliyo nyepesi zaidi. Sisi "nakupenda" yetu ni hiyohiyo kwa mke, mama na rafiki. Watu waliogawa mapenzi kwa uangalifu namna hiyo unawaitaje wakavu?

Mchangiaji wa 1
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Neno kuwepo ni jambo moja, mtoto kulisikia ni jambo jingine. Anayeitwa roho ya mtu tangu asubuhi hadi usiku hawezi kukua sawa na anayesubiri siku maalumu.

Mleta mada
Nani kasema anasubiri? Nyumba za Kijerumani zimejaa "Schatz", hazina yangu, na "Maus", panya, ambalo kwao ni neno la kumdekeza mtu. Tusihukumu watu kwa jinsi wanavyozungumza na wageni kaunta.

Mchangiaji wa 2
Wote mmeliruka jambo moja. Kwenye familia nyingi za Kiuzbeki mtoto humwambia baba yake "siz", ile "wewe" ya heshima. Mjerumani wa leo baba yake humwita "du" tu, "wewe" ya kawaida, kama rafiki yake. Sasa nani yuko karibu zaidi na baba yake? Mimi niliyelelewa kwa shikamoo naiona "siz" kuwa mapenzi yenyewe. Najua kuna watakaosema ni ukuta. Waje waseme.