Ushauri wenu wazee wa bahari: mashindano ya mashua usiku, Nungwi hadi Mkoani

MtotoWaNungwi

Assalamu alaykum ndugu zangu na wazee wangu.

Sisi vijana wa Nungwi tumekubaliana na wenzetu wa Tumbatu tushindane kwa mashua, kila upande mashua moja, kutoka pwani yetu hadi Mkoani kule Pemba, na safari iwe ya usiku. Mchana hatuna wasiwasi, resi za ngalawa tumekulia humo. Lakini kuuvuka mkondo wa Nungwi gizani ni jambo zito na sitaki kulichukulia juu juu. Mashua yetu ni ya futi ishirini na nne, tanga moja, mabaharia sita. Tumekubaliana mashine isitumike. Tunafikiria mwezi wa nane, kusi, ule upepo wa kusini, likishapunguza ukali.

Nauliza: tuondoke saa ngapi, na usiku gani wa mwezi? Wenzangu wanataka mwezi kumi na tano, yaani mwezi mpevu, kwa ajili ya mwanga. Tena kuna mama yangu, hataki hata kuisikia habari hii. Namwelewa. Hapa kijijini hakuna aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikielekea Pemba. Wavuvi wetu walitoka kwenda kuokoa, wakawakuta watu wanaelea wameshikilia magodoro. Kwa hiyo nikimjibu mama nataka niwe na jibu la kweli, si maneno ya kumtuliza tu.

Nahodha Mstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutweka tanga.

Mwezi kumi na tano una mwanga, lakini una bamvua, maji kujaa na kupwa kwa nguvu. Tena bamvua lenyewe huwa kali zaidi siku moja mbili baada ya hapo. Maji yakienda kinyume na upepo pale rasini, mawimbi yanakuwa mafupi na yanasimama wima, mashua inapigwa hata kabla hamjaanza safari yenyewe. Nendeni mwezi ishirini. Huchomoza kama saa nne na nusu usiku, unabaki juu mpaka kunakucha, na maji yameshaanza kulegea kuelekea maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Mwanga mtakuwa nao zile saa mnazouhitaji.

Kutoka Nungwi hadi Mkoani hesabu maili thelathini za baharini. Kwa kusi la wastani mashua yenu itakwenda maili tano kwa saa, sita Mungu akijaalia. Ondokeni saa saba usiku, msiondoke mapema zaidi ya hapo. Vijana wengi wanaogopa katikati. Mimi naogopa kufika. Katikati ni maji marefu, hakuna cha kugonga. Lakini kusini mwa Pemba kuna miamba na visiwa, Panza iko pale, na usiku utausikia mwamba kabla hujauona. Ukishausikia, umeshachelewa. Mkiondoka saa saba, hata anayekwenda mbio sana atakuta kweupe.

Na mnaposwali alfajiri, mmoja abaki kwenye usukani na mmoja omo, mbele ya chombo. Wao wataswali wenzao wakimaliza.

Mtumbatu Asilia

Kasema kweli nahodha. Mimi naongeza habari ya mkondo, maana huo ndio utakaoamua nani anashinda.

Mkondo wa pwani hii huenda kaskazini, na kusi likivuma unaongezeka nguvu, huko nje unaweza kufika maili nne kwa saa. Chukua mbili tu, ndogo hizo. Safari ya saa tano, umesukumwa maili kumi. Maili kumi kaskazini ya Mkoani umeshakipita kisiwa cha Misali! Kurudi hapo ni bisho juu ya bisho, yaani kwenda kinyume na upepo: upepo puani na mkondo puani. Mwenzako atakuwa keshatia nanga, anakunywa chai.

Kwa hiyo usielekeze omo Mkoani. Mkoani iko kaskazini mashariki ya Nungwi. Wewe shika mashariki zaidi, ujiweke joshini, upande unakotoka upepo, uuache mkondo ukulete. Kukianza kupambazuka uangalie Pemba iko wapi, ndipo ushuke taratibu. Ila usizidishe, maana ukishika mashariki kupita kiasi utaikuta ile miamba aliyoitaja mzee. Dira iwe na kijitaa hafifu. Taa kali inakupofua, ukiinua macho tena hata tanga lako hulioni.

Na usijidanganye kwamba mambo yakiharibika utatia nanga usubiri. Kina cha pale kamba yako haifiki chini.

Bint Hamad

Samahani, mimi si mtu wa bahari, ila kaka zangu ni wavuvi. Kwa nini lazima iwe usiku? Mama wa kijana ana haki yake. Fanyeni asubuhi, watu wajae pwani washangilie.

MtotoWaNungwi

Dada Bint Hamad, nashukuru na nakuheshimu. Babu zetu walivuka usiku kwa nyota na kwa kuyasoma mawimbi. Wenzangu wengi wa rika langu wanajua mashine na simu tu. Tunataka kujifunza wakati wazee wa kutufunza bado wapo. Lakini nakubali, tukishindwa kujiandaa sawasawa tutakwenda mchana.

Pwani Ughaibuni

Yakhe, hapa nina la kusema, maana nimepata kuwa baharia kwenye mashindano ya namna hiyo huku Marekani, Ziwa Michigan. Mashua zinatoka Chicago mpaka kisiwa cha Mackinac, maili 333 za nchi kavu, kila mwezi wa saba. Yalianza mwaka 1898. Mashua nyingi hulala njiani siku mbili na zaidi. Msione ni ziwa mkadhani ni maji ya kuchezea: katikati huoni nchi upande wowote, na mawimbi yake ni mafupi na makali.

Mwaka 2011, mwaka ule ule wa Spice Islander, usiku wa manane ilikuja dhoruba ya radi ikapindua mashua moja. Walikuwa wanane, wakafa wawili. Sita waliobaki waliokolewa na mashua nyingine iliyokuwa kwenye mashindano hayo hayo. Iliacha kushindana ikageuka. Kanuni za mashindano ya matanga ziko wazi: kila mshindani lazima amsaidie aliye hatarini, na aliyepoteza muda kwa kuokoa anaweza kufidiwa.

Hilo ndilo ningependa mlichukue. Mwandike na wenzenu wa Tumbatu kabla ya siku: anayeona ishara ya taa kwa mwenzake anaacha mbio papo hapo, na hahesabiwi ameshindwa. Likiandikwa, hakuna atakayesitasita gizani akifikiria ushindi.

La pili, zamu. Huku hatukai macho wote usiku kucha. Ninyi mko sita: watatu kazini, watatu wamelala, mnabadilishana kila baada ya saa mbili. Saa tisa hadi kumi na moja usingizi ni mtamu kuliko kitu chochote, na ndipo mshika usukani anapoanza kuota macho wazi.

La tatu, jaketi okozi livaliwe tangu pwani. Likiwekwa chini ya ubao, halitavaliwa. Kila jaketi liwe na filimbi na kitaa kidogo. Mtu akianguka usiku, kichwa chake kwenye maji hakionekani hata kwa hatua ishirini. Utamtafuta kwa sauti. Kwa hiyo anayekwenda omo au anayeshughulika na foromali, ule mti unaobeba tanga, ajifunge kamba kiunoni.

Msukuma wa Ziwani

Salamu kutoka Mwanza. Kwetu Ziwa Victoria radi na mvua kubwa hupenda usiku kuelekea asubuhi, wavuvi wa dagaa wanalijua hilo. Dalili ya kwanza ni upepo kufa ghafla, kisha ubaridi unakupiga usoni upande wa wingu. Ukiupata ubaridi huo, tanga chini, usingoje kuona. Sijui huko baharini kama ni hivyo?

Nahodha Mstaafu

Ni hivyo hivyo, ndugu yangu wa Mwanza. Kusi la mwezi wa nane lina manyunyu ya kupita, na kila wingu lina upepo wake ndani. Mwanangu, jarari, kamba ya kupandishia tanga, asiifunge mtu fundo la kukaza. Ikunjwe vizuri, na mtu mmoja akae nayo mkononi kila zamu. Tanga litue kwa pumzi moja. Chukueni na tanga la pili, dogo. Na upo wa kufulia maji ufungwe kamba. Nimeona watu wanafua maji kwa viganja kwa sababu upo umechukuliwa na wimbi.

Mkoani Leo

Mimi ni wa huku Mkoani. Kuna jambo hamjaligusa: meli za usiku zitokazo mjini Unguja kuja huku zinapita maji hayo hayo. Mashua ya mbao haionekani vizuri kwenye rada. Muwe na tochi kubwa, na mkiiona meli mmulike tanga lenu, si macho ya nahodha wa meli. Tanga jeupe likimulikwa linaonekana mbali.

Tena mkikaribia mtaona taa nyingi kwenye maji. Ni wavuvi, si mji. Msizifuate.

Waambieni KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na Mamlaka ya Usafiri Baharini mapema, pande zote mbili, na masheha pia. Sisi tutakuwa na boti ya mashine tayari hapa bandarini. Simu msizitegemee mkiwa katikati, chukueni redio ya VHF, chaneli 16 ya dharura.

MtotoWaNungwi

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimewasomea wenzangu yote. Tumekubaliana mwezi ishirini, kuondoka saa saba, na ile kanuni ya kuokoana tutaiandika na kutia saini mbele ya sheha. Mashine tutabeba, imefungwa turubai. Atakayeifungua ametoka mashindanoni lakini yuko hai. Mama nimemsomea pia. Ameuliza habari ya jaketi mara mbili, kisha akasema nimpeleke akaone mashua.

Tumebakiwa na jambo moja, redio. Tunayo moja tu na mashua ni mbili.

Mtumbatu Asilia

Ninayo hapa Mkokotoni, betri yake nzima. Njoo Ijumaa baada ya swala uichukue, na uje na yule atakayeitumia nimfundishe.