Wikendi za majira ya baridi Ufini: wawili mnaenda wapi?

Habarini ndugu zangu. Mimi na mume wangu tulihamia Espoo, mji wa jirani na Helsinki, mwezi wa nane. Siku za kazi zinakwenda, lakini Jumamosi na Jumapili tunashinda ndani, kila mmoja na simu yake. Saa 10 jioni nje ni usiku kabisa. Gari hatuna, na hela ya kutanulia haipo. Nyie mliotangulia mnafanyaje? Naombeni ushauri.

* * *

Karibu sana, mdogo wangu. Swali lako limenigusa, maana majira yetu mawili ya kwanza ya baridi tuliyapitisha hivyo hivyo. Tulidhani adui ni baridi, tukawa tunasubiri ipungue ndipo tutoke. Mwaka wa tatu tukagundua kwamba kinachochosha moyo ni giza. Tangu hapo wikendi yetu inafuata mwanga, na hali ya hewa tunaivalia nguo.

Mwishoni mwa Desemba, Helsinki jua linachomoza karibu saa 3 na nusu asubuhi kwa saa zetu za Kiswahili, na saa 9 na robo alasiri limeshazama. Ukichelewa kuamka, ukanywa chai taratibu, ukafua, ukapiga simu nyumbani, siku imekwisha hujaiona. Sisi saa 4 tumeshatoka mlangoni. Kufua, kupika na kusalimia wazazi kunangoja giza, kwa kuwa giza lipo la kutosha.

Mpo Espoo, basi Nuuksio ni jirani yenu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1994, haina kiingilio, na gari si lazima: treni hadi kituo cha Espoo, halafu basi. Ndani kuna njia zenye alama za kufuata na sehemu zilizotengwa za kuwashia moto. Wafini wana haki wanayoiita jokaisenoikeus: mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaruhusiwa kutembea msituni, hata msitu uwe wa mtu binafsi, mradi asiharibu kitu wala asisogelee nyumba za watu. Moto haumo kwenye haki hiyo, kwa hiyo washeni pale palipoandaliwa tu.

Mume wangu si msemaji. Miaka yote ya ndoa nimezoea majibu yake ya maneno mawili. Siku ya kwanza tulipokwenda Nuuksio ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri, ziwa limeganda, msitu mzima kimya. Tulikaa mbele ya moto na chupa ya chai, akaanza kupasua kuni kwa shoka lililokuwepo pale. Halafu, bila mimi kumuuliza, akanieleza jinsi marehemu baba yake alivyomfundisha kushika shoka akiwa na miaka tisa, na jinsi alivyomwogopa mzee yule na kumpenda kwa wakati mmoja. Mambo hayo nilikuwa sijawahi kuyasikia. Tulirudi nyumbani tunanuka moshi, na mimi nilihisi nimeolewa upya. Ndiyo maana nawasihi mtoke wawili, msingoje kundi.

Mavazi. Nguo inayogusa mwili iwe ya sufu. Pamba ikilowa jasho inawaganda mgongoni. Buti ziwe kubwa kidogo ili soksi nene iingie bila kubana, kwa sababu mguu uliobanwa ndio unaotangulia kupoa. Makoti na buti nzuri mtazipata za mtumba kwenye kirpputori. Simu iwekeni ndani ya koti karibu na mwili, la sivyo chaji inakwisha ghafla na tiketi yenu imo humo. Na vaeni kiakisi, kile kidude kinachong'aa taa ya gari ikikipiga. Gizani sheria inamtaka mtembea kwa miguu awe nacho, na dereva wa hapa anakitegemea kweli.

Jambo moja nililijua kwa aibu: mkiona mifereji miwili iliyonyooka kwenye theluji, hiyo ni latu, njia ya ski, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Msiikanyage. Sisi tuliitembea karibu kilomita nzima mpaka mzee mmoja aliposimama, akatueleza kwa upole kwamba nyayo zinaharibu mfereji na mtu anaweza kuanguka. Leo tunateleza humo wenyewe, taratibu, na namkumbuka kila mara.

Vifaa msikimbilie kununua. Baadhi ya maktaba za umma zinaazima vifaa vya michezo kama vitabu, kwa kadi ile ile. Ulizeni ya kwenu. Viwanja vingi vya shule manispaa inavimwagia maji vikaganda, ukishapata viatu vya kutelezea barafuni huingii gharama nyingine. Na siku ya upepo mbaya nendeni Oodi, maktaba kuu ya Helsinki iliyofunguliwa Desemba 2018 mbele ya Bunge. Pana cherehani, vyumba vya kurekodi muziki, na ghorofa ya juu ya kukaa na kusoma. Mimi pale ndipo nilipojifunza kupunguza mapazia.

Suomenlinna pia msiiache. Ni ngome ya visiwani iliyoanza kujengwa 1748 enzi za utawala wa Sweden, na Unesco iliiingiza kwenye urithi wa dunia 1991. Feri yake ni usafiri wa umma, inakwenda mwaka mzima, robo saa hivi. Wakati wa baridi watalii ni wachache, na chombo kinapasua barafu huku mmesimama nje mnaangalia.

Sauna, chumba chao cha joto na mvuke, nimeiweka mwisho kwa kuwa najua wengi wetu tunaionea haya. Kwenye sauna nyingi za umma wanawake na wanaume wako mbalimbali, bila nguo, na hakuna anayekutazama. Zile za kuchanganyika watu huvaa nguo za kuogelea. Kama ghorofa lenu lina sauna, ulizeni zamu, mtapata saa yenu wawili peke yenu. Tukiwa na nauli tunapanda treni hadi Tampere, kwenye sauna ya Rajaportti, inayofanya kazi tangu 1906. Ukitoka kwenye mvuke ukasimama uani kwenye theluji, mwili unatoa moshi kama chungu kilichofunuliwa, na usiku huo unalala usingizi wa mtoto.

* * *

Binti, naongezea kutoka Rovaniemi, huku kaskazini. Wengi wenu mnakuja huku Desemba kwa ajili ya Krismasi. Wakati huo jua tunaliona saa mbili tu kwa siku, na malazi ni ghali mno. Njooni Machi: theluji ipo tele, mchana ni mrefu, na usiku bado una giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini, ile mishale ya rangi angani, anga likiwa wazi. Treni ya usiku kutoka Helsinki inawalaza njiani. Epukeni wiki ya 8 hadi ya 10, ni likizo za shule, kila kitu kinajaa.

Na ziwa lililoganda msiliamini kwa macho. Barafu ngumu ya sentimita 5 inambeba mtu mmoja, lakini mimi chini ya 10 sikanyagi. Chini ya daraja, kwenye mlango wa mto na penye matete huwa nyembamba. Vaeni naskali shingoni, zile ncha mbili za kujivutia juu ukitumbukia.

* * *

Shikamoo mzee, na asante sana dada, nimemsomea mume wangu yote. Na Tallinn, kule Estonia, je? Kadi ya ukaazi inatosha?

* * *

Haitoshi, bebeni na pasipoti, zote mbili. Feri inachukua kama saa mbili, mnarudi siku hiyo hiyo.

Lakini Jumamosi hii sisi tunakwenda Nuuksio. Tukutane kituo cha Espoo, upande wa mabasi, saa 4 kamili asubuhi. Njoo na shemeji. Chai nitabeba mimi, vikombe njooni navyo.